Mafuta ya gari mu pikipiki

Mujukuu wangu Kambale,

Huku Butembo niko muzima, mimi na kuku zangu tu. Unauliza kama mafuta ya moteri ya gari inafaa pikipiki yako ya quatre temps, ile ya mipigo mine. Hapana! Babu yako alitia ile, juu aliona haya kuuliza fundi mekanisie. Kwenye mulima, tukienda misa, embreyage, ile klachi, ikateleza: moteri inalia, pikipiki haipandi. Nikashuka, nikasukuma na kikwembe changu cha misa.

"Usiambie batu," akasema.

Nimenyamaza mupaka leo. Wewe umeuliza, hapo umemupita. Nunua bidon ya mafuta ya pikipiki ya quatre temps, yenye kuandikwa MA, ile haitelezeshi embreyage.

Pikipiki ikisha kupanda vizuri toka kwako Beni, nitangoja uniandikie sababu ingine, isiyo pikipiki, ya kukosa kufika kwangu.

Koko yako