Fundi, Macho ya Pandu Yamepona

Fundi wangu,

Mjanja wako wa Kikwajuni nnakuandikia. Nimefika Bombay na Durban kwa meli, nimekula meza moja na Wagiriki, lakini darasa la nne lilinishinda, basi herufi zikipinda usinicheke. Tulipokuzika sikuweza kuandika hata neno. Leo nna furaha, mkono wenyewe unakwenda: Pandu anaona!

Humjui. Ni Mtumbatu, baba wa watoto wawili, aliletwa hapa kiwandani kwetu baada ya wewe kuondoka. Ramadhani hii, alasiri, watu wamejipanga wanataka barafu ya futari, bomba la amonia, ile gesi yetu kali ya kugandishia maji, likaachia kwenye kiungo. Mvuke ukampiga Pandu usoni. Akatoka mbio uani, macho kafumba, anakimbilia kule kule gesi inakopelekwa na upepo! Nikamkamata, nikamvuta kuelekea upepo unakotoka, kama ulivyotufundisha.

Tulipofika kwenye lile pipa lako la maji safi, ulilokuwa ukitugombeza tulijaze kila asubuhi, akakaza uso. "Nimefunga! Maji yakiniingia utanifunguza! Nipake mafuta ya nazi!" Macho yanaungua, yeye anailinda saumu! Nikamkemea kwa maneno yako: "Saumu hulipwa, jicho halilipwi!" Nikamvua shati na kikoi, maana gesi ile hupenda jasho kuliko nzi anavyopenda halua. Bi Mize, muuza sharubati, akageukia ukutani: "Jamani, hata futari bado!"

Nikampanua kope kwa vidole, nikamwagia kata baada ya kata. Alilia. Alimtukana mpaka babu yangu. Mikono ikafa ganzi, nikakusikia: "Ukichoka, ndo kwanza unaanza." Nikaendelea mpaka gari ya hospitali ilipokuja.

Leo wamemfungua bandeji. Akanitazama weee, akasema: "Kumbe mwenyewe mbaya hivi!" Nilicheka, Fundi, nikalia hapo hapo.

Mtaani nshasema nilipigana na wingu refu kama mnara wa msikiti. Wewe nakwambia kweli: asubuhi ile nilitaka kuliacha pipa tupu. Nililijaza kwa kuogopa kelele zako, nawe umo kaburini.

Kwaheri, mzee wangu, Mungu akupanulie ulipo. Idi ikipita Pandu atalipa saumu zake, nami nitafunga pamoja naye. Na kila mgeni wa kazi nitamwonyesha pipa kabla ya mashine, na kisa hiki nitamhadithia bila kutia chumvi: aliyeyaokoa macho yale ni wewe, mimi nilikuwa mikono tu.