Saini ya Mama

Jumanne, 4 Machi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: mwaka jana nilisaini vyeti hamsini na nane kwa saini ya mama.

Basi. Nimeandika.

Ilikuwa Jumapili mchana, kesho yake mahafali. Mama ni mkuu wa chuo cha jamii — kaimu mkuu, tuseme ukweli, huu mwaka wa tatu — na vyeti vyote husaini mwenyewe, kimoja kimoja. Mhuri wa saini upo. Hataki hata kuuona. "Mtu amesoma mabomba miaka miwili, kila jioni akitoka kazini, halafu mimi nimgongee mhuri kama gunia la saruji?" Siku hiyo alikuwa na homa. Alimeza dawa, akalala kwenye kochi na kalamu mkononi. Vyeti vilivyobaki vilikuwa mezani. Saini yake naijua tangu darasa la tano, nilikuwa nikiiandika nyuma ya madaftari kwa kuipenda tu. Nikaketi. Nikasaini.

Alipoamka alilipekua rundo, akacheka. "Kumbe nilimaliza! Hata homa hainiwezi." Alifurahi mno, nikakosa pa kuanzia. Na nisipoanza mara moja, mimi huwa sianzi tena.

Leo amerudi kutoka kazini uso umemvimba kwa hasira. Hospitali imeajiri mafundi bomba wawili waliohitimu kwake, mwaka mmoja, darasa moja. Huko wameviweka vyeti vyao bega kwa bega, saini hazifanani. Wakamletea aangalie. Akawaambia: hiki nimesaini mimi, hiki sikusaini.

Na hakusema uongo! Hilo ndilo linalonikaba.

Jumatano, 5 Machi

Cheti kilichokataliwa ni cha Dada Spana. Chuo kizima kinamwita hivyo kwa sababu spana haitoki kwenye mfuko wake wa nyuma, hata siku ya mahafali ilikuwemo. Hospitali imemwambia akae nyumbani kwanza.

Wakati wa kula baba alijaribu kumchekesha mama. "Kaimu Mke, kula, chakula kinapoa." Kawaida humjibu, "Na wewe utathibitishwa lini?" Leo alisukuma sahani pembeni. Halafu akaanza kueleza, kwa sauti ya darasani.

"Saini yangu huchoka. Nikifika cheti cha mia mbili mkono unaburuta. Hii imenyooka kama ya kitabuni. Aliyeiga ameiga vizuri kupita kiasi."

Nikatazama sahani. Walimu wote hunisifu mwandiko. Mwandiko!

Baba akauliza, kwani alama za huyo dada hazipo? Zipo, mama akasema, amefaulu vizuri. Lakini mwenyekiti wa bodi anasema anayeweza kughushi saini hashindwi kughushi alama.

Bodi inakaa Jumatatu. Watamthibitisha au wataleta mtu mwingine. Miaka ishirini na miwili! Alianza akifundisha kupiga chapa, chuo kikiwa vyumba vitatu na mashine tisa, mbili hazina herufi K. Wanafunzi waliijaza kwa kalamu. Akawa mkuu wa idara, akawa makamu, halafu mkuu wa zamani akastaafu na mlangoni wakabandika karatasi: KAIMU. Kwa selotepu. Ukingo umeshajikunja, na hakuna aliyeibandua wala kuinyoosha.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yameharibika kabisa.

Mama alikwenda masijala, akafungua kabati, akapitia nakala za mwaka mzima. Amezitenga hamsini na nane. Zote! Hakukosea hata moja. Na ufunguo wa kabati la vyeti vitupu anao mtu mmoja tu: msajili. Mimi humwita Mjomba Faili. Si ndugu yetu, ila ndiye aliyenipa kadi ya maktaba ya chuo nikiwa na miaka minane, akaandika kwenye nafasi ya kozi: "Kusoma."

Nilikuwa maktaba nikimsubiri mama nilipowasikia kwenye korido. Mwenyekiti akasema, "Vyeti havijisaini, mzee." Mjomba Faili hakumjibu. Akamgeukia mama. "Mama Mkuu, miaka kumi na tisa tuko pamoja. Ungeniuliza kabla hujaniandikia barua ya kunisimamisha." Mama akaangalia bahasha, si yeye.

Mjomba Faili akapita mlangoni mwa maktaba, sweta begani, kikombe chake mkononi. "Soma, binti, soma. Ila kazi ya makaratasi uikimbie." Akacheka kwa mdomo tu.

Nilisimama. Kweli, nilisimama! Nikafungua mdomo. Akawa ameshafika getini.

Nimejichukia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia mama.

Alikuwa akipiga pasi suti ya Jumatatu. Nilisema mara moja, haraka, nikitazama waya wa pasi. Aliendelea na mkono wa koti hadi mwisho. Kisha akazima.

"Ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Siku ile ya homa."

"Ndiyo, mama."

Akaketi. Nikasubiri kugombezwa, nilikuwa nimejiandaa hasa kwa hilo. Akauliza tu nani mwingine anajua. Hakuna. "Basi asijue mtu mpaka Jumatatu ipite."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayefundisha hesabu. Akithibitishwa, siku hiyohiyo anamrudisha Mjomba Faili. Anaiandikia hospitali kwamba alikuwa mgonjwa, amekosea, cheti ni halali. Asipothibitishwa, hana hata kiti cha kukalia aiandike hiyo barua. Na mkuu mpya hatajali.

"Na Mjomba Faili?"

"Siku mbili tu, mwanangu. Nimemeza kaimu miaka mitatu, yeye ameze siku mbili."

Niliitafuta kasoro kwenye hoja yake kama ninavyoitafuta kwenye insha. Sikuiona. Ndiyo maana nina hasira — hoja imenyooka, na bado si sawa! Halafu akanishika kichwa. "Ulitaka kunisaidia. Najua." Afadhali angenichapa.

Jumapili, 9 Machi

Dada Spana alikuja mlangoni. Hakukubali kuingia.

Alimwambia mama, "Ulinipa kile cheti kwa mkono wako, ukanishika bega, ukaniambia nisiache kazi za wanaume ziwaishie wanaume. Leo hunijui?"

Mama akamwambia avumilie mpaka kesho jioni.

"Kesho saa sita nafasi yangu wanampa mwingine, mama. Nitavumilia nini jioni?"

Mama akasema atajitahidi. Akaufunga mlango polepole, akaenda chumbani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Hatujazungumza tangu hapo.

Jumatatu, 10 Machi

Sikwenda shule. Nilivaa sare, nikabeba begi, nikashuka njia ya chuo.

Mjomba Faili alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano, ameitwa kujieleza. Akasogea nikae. "Leo shule hakuna?" Nikasema ipo. "Hm," akasema. Saa nne na nusu katibu akamwita. Aliponyanyuka, nikanyanyuka. Nikamfuata.

Watu saba. Mama mwisho wa meza, ndani ya suti ile. Mwenyekiti akasema, "Binti, hapa ni kikao." Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa kusoma, umo mfukoni. Sauti haikutoka. Hata kidogo! Nikachukua kalamu iliyokuwa mezani, nikageuza ajenda ya mtu, nikasaini saini ya mama mara tatu. Zimenyooka zote tatu. Nikaisukuma kwa mwenyekiti.

Alivaa miwani. Akavua. Akamuuliza mama, "Ulikuwa unajua?"

Mama akanitazama mimi kwanza. Kisha akasema, "Tangu juzi."

Mwenyekiti ametutoa nje, mimi na Mjomba Faili. Mama wamebaki naye. Sasa ni saa tano na robo, mlango umefungwa, kuna mtu anazungumza kwa sauti na si mama. Naandika nimeketi kwenye benchi. Mjomba Faili hajanitazama. Ameegemeza kichwa ukutani, amefumba macho.

Nimechana karatasi katikati ya daftari hili. Nikamuuliza barua ya kuthibitisha cheti huanzaje.

Nikadhani hatajibu.

"Huanza na namba ya cheti," akasema, macho bado yamefumbwa. Akaitaja yote ya cheti cha Dada Spana, tarakimu saba, kwa kichwa.

Nikaiandika. Nikaandika jina la Dada Spana, lile la kwenye cheti. Nikaandika nilichofanya, na siku niliyokifanya, na umri wangu. Nikamwomba Mjomba Faili asimame anionyeshe njia fupi ya kufika hospitali kabla ya saa sita.