Mawe Juu ya Rubisi

Izigo, Jumanne

Na kweli mawe yangu yalifaa kwa kazi ile, hilo siwezi kumbishia Mama.

Nimerudi kutoka Bukoba mchana nikakuta sampuli zangu mbili nyeusi za mawe zimekandamiza majani ya migomba juu ya mtumbwi wa kuchachushia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mama alizisugua kwanza kwa sabuni, maana haweki uchafu juu ya pombe ya watu. Namba nilizoandika kwa wino zimeondoka na povu.

"Mama, mawe haya yametoka chini ya ganda la dunia!"

"Yametoka mbali kote huko, mwanangu, halafu yaharibiwe na maji ya ndizi?"

Hayajaharibika. Ila yanafanana, yametoka vilima viwili tofauti, na sura ya tatu ya tasnifu yangu inategemea kujua lipi ni la wapi. Ijumaa yanapaswa kwenda maabara.

Nimeyakagua kwa lenzi hadi macho yakauma. Sijui lipi ni lipi.

Ningeweza kubahatisha. Nimewaza hivyo kwa dakika kama kumi.

Nimemwandikia msimamizi wangu ukweli. Kesho narudi vilimani na nyundo kuvunja mengine. Nilipomwomba Mama mawe yangu, alisema nisubiri, rubisi haijaiva.