Simu ya Dar Haikatwi

Jumatatu, 11 Novemba

Nimefungua ofisi, nimepiga deki, nimechapa hati za shehena ya korosho, nimechemsha chai ya meneja wetu, Mzee Nandonde. Shahada ya Mifumo ya Habari, daraja la kwanza. Birika linanitambua kuliko meneja.

Ijumaa majaribio yangu yanakwisha. Ama mkataba, ama nirudi Njombe nikawe mzigo kwa wazazi.

Asubuhi simu ya mezani ililia. Mwanamume aliyejiita Injinia Deo, kitengo cha TEHAMA, makao makuu. Mzee akasimama. Ndiyo desturi ya ofisi hii: Dar ikipiga, meneja husimama, na simu ya Dar haikatwi kutoka huku. Hukata mkubwa mwenyewe. Injinia akadai kompyuta zetu zina virusi, akamwelekeza Mzee kupakua programu ili azitibu akiwa huko huko. "Naam, mkubwa. Naam." Kila neno alilitii. Nilichukia.

Jumanne, 12 Novemba

Kipanya kinatembea chenyewe kwenye skrini. Zuhura, mhasibu wetu, anacheka kama aliyeona mazingaombwe.

Nilimweleza Mzee kwa staha. Fundi wa kweli hakupigii ghafla kukuarifu ugonjwa ambao hukuulalamikia. Hakuharakishi. Hakukatazi kumwambia mwenzako. Hahitaji nenosiri lako. Dawa ni kukata simu, kisha kupiga mwenyewe namba unayoijua.

"Nimpigie Dar kumuuliza Dar?"

Nikaomba nipige mimi. Akasema Dar hupigiwa na meneja tu. Zuhura akadakia: "Digrii imeanza kumwasha huyo. Mpeni gunzi ajikune!"

Namchukia Zuhura. Namchukia Injinia asiye na uso. Mzee namchukia zaidi, kwa sababu si mjinga. Anaogopa tu.

Jumatano, 13 Novemba

Nimefanya.

Injinia alipiga tena. Akamtaka Mzee afungue akaunti ya kampuni kwenye tovuti ya benki, eti kuhakiki kama virusi havijafika huko. Mzee akafungua. Ujumbe wenye tarakimu za uthibitisho ukaingia kwenye simu yake ya mkononi, nao wenyewe umeandikwa: usimpe mtu yeyote. Akavaa miwani. Akaanza kumsomea. "Nne... saba..."

Nikachomoa waya wa intaneti. Kisha nikabonyeza kitufe cha simu ya mezani kwa kidole. Laini ikakatika. Mzee alibaki wima, mkono wa simu sikioni, kama anayesubiri ruhusa ya kuketi.

"Umeikata simu ya Dar?"

Nilikuwa nimeikata.

"Mtu wa kuja, huna adabu. Toka!"

Nilitoka.

Alhamisi, 14 Novemba

Niko mtaa wa Likombe, kwa shangazi. Shangazi anamtetea Mzee bila hata kumjua: "Mkubwa hakatiwi simu, mwanangu. Ungemnong'oneza." Nilimnong'oneza, Shangazi! Sikulisema. Naliandika hapa.

Nilichukua barua yangu ya ajira, nikapiga namba ya makao makuu iliyochapwa juu yake. Nikajitambulisha kwa jina, cheo na kituo. Mama mmoja alinisikiliza hadi mwisho. Hawana Injinia Deo. Hawajawahi kuwa naye. Akauliza kama benki imearifiwa. Nikajibu kwamba sijui, nimefukuzwa. Akakata bila kuaga.

Jioni nilitembea ufukweni Shangani. Wenye furaha walikuwa wengi mno.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimeitwa tena ofisini. Dar waliiarifu benki, ikaizuia akaunti mapema, hakuna kilichotoka. Programu nimeifuta mimi. Manenosiri yote nimeyabadilisha mimi. Hakuna aliyesema asante. Mzee amewaandikia Dar kwamba "ofisi ilichukua tahadhari". Ofisi! Kidole kilikuwa changu.

Kisha nikakabidhiwa barua. Si mkataba. Majaribio yameongezwa miezi mitatu. Sababu: kuwasiliana na makao makuu bila kupitia kwa meneja. Nilisaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua alfajiri. Nimechemsha chai.

Nilibandika namba ya makao makuu ukutani, juu ya simu. Mzee akaitazama, akaibandua. Nikajiandaa kwa vita. Akaibandika upya, chini kidogo, mahali macho yake yanapofika.

Simu ikalia. Akasimama. "Naam, mkubwa." Akasikiliza kwa muda mrefu. Akageuka kunitazama. Mimi nikatazama ukuta.

"Tutakupigia sisi," akasema, akakata kwa kidole chake mwenyewe. Zuhura hakucheka.

Kisha akapiga namba ya ukutani, tarakimu moja moja, akiwa bado wima. Kumbe walikuwa Dar kweli. Walikuwa wanaulizia hati za shehena. Hawakukasirika.

Mzee aliketi taratibu.

Sijamsamehe. Chai yake ilikuwa imepoa. Nikaimwaga, nikammiminia nyingine.