Mapenzi ya Simu Ikiwashwa

Jumatatu, 4 Machi
Mkwe wangu kaanza tena. Kajipaka wanja, kajilaza kwenye kochi la sebuleni, kajifunika shuka — ili ajirekodi akiamka! Chumbani kwao hakuna mwanga mzuri, anasema. Miayo ya kwanza haikumpendeza. Karudia. Mimi nangoja chai. Watu kibao mtandaoni watamwona akijinyoosha, wala hakuna hata mmoja atakayeniinjikia maji.

Jumanne, 5 Machi
Kinyozi kaniambia, wembe uko shingoni mwangu, eti nyumba yetu ni ya mfano. Mwanao anavyomlisha mkewe, mzee! Nikanyamaza — wembe. Anamlisha kijiko kimoja tu, mjinga wewe! Simu ikizimwa anahamia barazani na sahani yake, anakula peke yake kama mlinzi.

Alhamisi, 7 Machi
Leo nimehakikisha. Hawa hawasemeshani! Nilijifanya nasinzia, kazi ninayoiweza sana. Simu ikawashwa: Mume wangu kipenzi, umeshindaje? Salama, mpenzi, nilikukumbuka. Ikazimwa. Mwanangu akanigeukia: "Baba, mwambie huyo chumvi imezidi." Mkwe naye: "Baba, mwambie akapikiwe na mama yake."
Mama yake! Mke wangu, niliyemzika mwenyewe! Nikawaambia posta imefungwa, barua zenu pelekeni wenyewe. Hakuna aliyecheka. Wapuuzi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemuuliza mwanangu kuna nini. Eti hakuna kitu, baba. Uso kama soli ya kiatu.

Jumamosi, 9 Machi
Kesho ni video ya miaka saba ya ndoa yao. Keki imeletwa, maputo yamefungwa hadi mlangoni mwa choo. Kisha nikaona begi nyuma ya mlango wa stoo. Nguo za mwanangu, viatu vya kazini, hata mswaki. Kumbe anasubiri keki ikatwe, aondoke! Mashabiki wapate vigelegele, mimi nibaki na maputo.
Ni mwanangu wa pekee huyu. Na yule binti, kwa upuuzi wake wote, ndiye anayenipaka dawa ya mgongo — bila simu.

Jumapili, 10 Machi
Keki imekatwa. Wamelishana, wamebusiana, simu ikazimwa. Mkwe akaanza kufuta meza. Mwanangu akatoa begi. "Baba, nitakupigia." Mkewe hakugeuka. Mabega tu yalikuwa yanatikisika.
Nikafanya upuuzi. Mimi! Nikanyakua ile simu, nikabonyeza kitufe chekundu kama ninavyomwona akifanya. Haya, inarekodi!
Wakageuka wote. Begi likasukumwa kwa mguu chini ya meza. "Mume wangu, unakwenda wapi?" Sauti ya sukari. "Siendi popote, mpenzi." Wakakaa. Mwanzo yalikuwa maigizo yao yale yale. Kisha mkwe akasema, kwani umechoka nami tangu lini? Mwanangu akamtazama usoni. Akajibu. Sauti nyingine kabisa, sijaisikia tangu akiwa mtoto. Sasa wanalia, wanagombana, wanashikana mikono. Yote kwa pamoja.
Nimeiegemeza simu kwenye birika, kioo kiko upande wangu, naandika nyuma yake. Kioo kimezimika kitambo. Chaji imekwisha. Giza tupu.
Mkwe kajifuta kamasi, kauliza: "Baba, bado inarekodi?"
Nimemwambia bado. Endeleeni.