Boza Lililorudi Nusu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kile kikohozi kimekuachia? Shemeji na watoto je? Huku tu wazima, ila mama amekonda, na ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote.

Kazi ya barabara imefika kwetu, na mimi ndiye dereva wa boza la maji. Najua unacheka, lakini tangu nianze sijagonga hata mti. Udongo wetu ule mweusi, unaong'ang'ania viatu, wanauchanganya na chokaa, kisha saruji, wanaumwagia maji na kuushindilia. Baada ya hapo haupitwi na gari wiki nzima, wala hauruhusiwi kukauka, maana ukikauka mapema unapasuka. Kwa hiyo kutwa nzima nainywesha barabara.

Mto umekauka. Msimamizi alipohangaika kutafuta maji, mama mwenyewe ndiye aliyemwonyesha bwawa letu la bondeni. Alisema baba alifia njiani juu ya machela kwa kukosa barabara, na hataki mwingine afe hivyo. Kila mtu alimpongeza. Sasa bwawa limebaki kama sinia, majirani waliokuwa wakichota hapo wanampita bila salamu, na ng'ombe wake mmoja amekufa. Nikifika na mpira wa kuvutia maji namkuta amesimama pembeni na ndoo yake. Nikimwomba achote kwanza, hataki.

"Jaza wewe, mwanangu. Saruji haisubiri."

Dada, roho inaniuma mpaka nakosa pa kuangalia.

Sasa lipo jambo sijamwambia mtu. Juma lililopita nilishindwa. Nilijaza boza nusu nikaondoka, nikamwambia msimamizi pampu inasumbua. Kesho yake nikarudia. Nilijiona mtoto mwema kweli. Jua lilikuwa kali, upepo mkavu, na kipande nilichokibania maji kikapasuka chote. Fundi wa maabara amekipima, amesema hakifai: kivunjwe, kisagwe, kichanganywe upya. Kitataka maji mara mbili ya yale niliyomwachia mama, na hakuna pengine pa kuyapata. Msimamizi alikwenda kumwomba tena, naye akakubali wayachukue yote.

Jioni, akinipakulia chakula, aliniuliza kazi iliharibikaje. Nikasema sijui. Akatikisa kichwa.

"Huyo aliyewaharibia, sijui ni mtoto wa nani."

Nikanawa mikono, chakula kikabaki.

Kesho asubuhi navuta yaliyobaki. Nikikataa, watamweka dereva mwingine kwenye usukani. Nikisema ukweli, kazi itaota mbawa na maji hayatarudi. Nimefikiria kila upande, nimechoka. Nakuomba uje umchukue akae kwako mpaka mvua zinyeshe. Mwambie wajukuu wanamlilia, usimwambie kwamba nimekuandikia, la sivyo hataondoka.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Ukija, pita njia ya zamani. Hii mpya bado imefungwa.

Ni mimi mdogo wako,
dereva wa boza