Kamanda na Kabati la Jikoni

Jumatatu, 4 Machi

Nimetoka kwenye mashine ya kusafisha damu. Masaa manne nimelazwa, mkono umenyooshwa, damu inazungushwa na kurudishwa. Nafika nyumbani – wali mweupe na kabichi ya kuchemsha. Tena kabichi! Binti yangu (mimi namwita Kamanda, kimoyomoyo) kafunga kabati la jikoni, ufunguo kautia shingoni. Mayai marufuku. Nyama marufuku. Samaki ndiyo usiseme. Eti daktari alikataza. Alikataza, ndiyo – zamani, figo zilipokuwa bado zinajikongoja, kabla ya mashine! Mimi kinyozi niliyenyoa vichwa vya mtaa mzima leo naomba yai kwa niliyemzaa.

Jumatano, 6 Machi

Mtaalamu wa lishe wa hospitali kaja kitandani na majibu ya damu. Msichana mdogo, mcheshi, lakini leo hakucheka. Protini iko chini mno. Mwili unawaka ndani kwa ndani kama kidonda, kasema, na mtu akiwaka hivyo huku hali chakula cha kutosha, anayeumia ni moyo. Mimi nilijua nitauawa na figo. Kumbe moyo nao umo kwenye foleni!

Kauliza nakula mayai mangapi. Nilicheka kwa hasira mpaka nesi akaja kukagua mashine. Basi akanithibitishia: ule mwiko ulikuwa wa kabla ya mashine. Mashine inachukua protini, sasa lazima niirudishe. Nipunguze chumvi na maji, basi. Mwaka mzima nimelishwa majani kwa mapenzi!

Halafu akaanza maswali mengine – kama kuna kitu bado kinanifurahisha. Nikamwambia ashike mambo ya mayai.

Alhamisi, 7 Machi

Tumegombana, nyumba ilitikisika. Kamanda anasema yule dada wa lishe kaanza kazi juzi tu, na mimi nikifa, yeye atamwambia nani amrudishie baba. Nikamwambia ameniua yeye, kwa kabichi. Nilisema hivyohivyo. Akatoka, akabamiza mlango. Abamize!

Ijumaa, 8 Machi

Siku zote Kamanda hungoja nje kwenye benchi. Leo kaingia, kafunga mikono kifuani, kamhoji mtaalamu kama polisi. Kajibiwa yote, taratibu. Nikaona mdomo wake unatetemeka. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, na sioni aibu.

Mtaalamu akaongeza kitu: wengi wanaosafishwa damu wanapata sonona, na sonona inaua hamu ya chakula, na njaa nayo inazidisha sonona. Alikuwa anaongea na Kamanda ila macho kanikazia mimi. Mimi nimefanya nini?

Jumamosi, 9 Machi

Kabati liko wazi. Mayai mawili ya kukaanga, kipande cha samaki, limau pembeni, vyote vya moto. Kamanda kaniwekea mezani, macho mekundu.

Nilikula kijiko kimoja. Cha pili mkono ukagoma. Kichefuchefu hapana. Ladha ilikuwa nzuri tu. Sikutaka! Sahani niliyoipigania mwaka mzima, na sikuitaka. Nikasema nimeshiba.

Akasema: Baba, hata kabichi ulikuwa unammwagia paka wa jirani dirishani. Nimekuona miezi mingi. Nilidhani chakula changu ndicho kibaya.

Nikamfokea. Paka gani! Nani kakutuma kunichunguza! Makosa yake ya kabichi yameisha na hasira bado ninayo tele, na sasa sijui nimkasirikie nani.

Kavuta kiti, kakaa mbele yangu. Hanisemeshi habari za chakula tena. Anauliza kitu kimoja tu: Baba, tangu lini hutaki?

Nimemwambia angoje kidogo, naandika. Anangoja. Samaki amepoa. Jibu ninalo: mwezi hamu iliponiisha naujua, sijawahi kumwambia mtu. Kamanda kaweka mkono wake juu ya daftari, hata mstari huu